Betri Mpya Haitaki Chaji ya Betri ya Zamani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Leo hatusemi habari ya kuongezwa mshahara. Tunasema habari ya mahali mshahara unapopotelea. Wengi wetu tuna nyumba huko Seme, Nyakach, Kendu Bay na Mbita, na si kila boma limefikiwa na waya wa umeme. Huko twawasha taa kwa sola. Betri ikifa, mtu hujinyima akanunua nyingine, ikafungwa pale pale, na baada ya miezi michache nayo imekufa. Akirudi dukani huambiwa ameiharibu mwenyewe. Lakini hakuna aliyemweleza kwamba ile kontrola ukutani ilibaki imepangwa kwa betri ya kwanza.

Sisi watu wa reli si wageni wa jambo hili. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901. Mabehewa mengi ya abiria ya zamani yalikuwa na dainamo iliyozungushwa na ekseli, na betri za risasi chini ya behewa, na chombo cha kuzuia chaji isizidi. Kontrola ya sola kazi yake ni hiyo hiyo: ni mlinzi wa lango. Mlinzi akipewa amri isiyo sawa, hata awe mwaminifu, ataleta hasara.

Basi tuzijue amri zenyewe, kwa betri ya volti 12.

Kwanza, betri ya risasi ya kuongezwa maji. Hii hupandishwa mpaka volti 14.4 hadi 14.8, ikisha kujaa hushushwa mpaka 13.5 hivi, ipate kukaa bila kuchemka. Mara kwa mara yaweza kupandishwa kupita 15 ili kusawazisha vyumba vyake, kama karatasi ya kiwanda inavyoruhusu. Ikichajiwa kidogo kila siku, chumvi nyeupe hugandamana juu ya sahani zake, na nguvu hupungua.

Pili, betri ya risasi iliyofungwa. Hii haina mahali pa kutia maji. Yenye jeli ndani hutaka 14.1 hivi, nyingine 14.4. Kule kusawazisha kwa volti 15 ni kuiua, maana maji yakitoka hayarudi.

Tatu, betri ya lithiamu na chuma, ambayo wengi wananunua siku hizi. Ndani ina seli nne za volti 3.2. Hupandishwa mpaka 14.2 hadi 14.6, wala isipite. Haitaki kusawazishwa kabisa. Ina kinga yake ndani. Volti zikizidi, kinga hukata. Hapo kontrola hujikuta haina betri, na umeme wa paneli waweza kuruka na kuunguza taa. Tena, msidanganywe na vile vitaa vya kontrola ya zamani: betri hii hukaa karibu na volti 13 muda mrefu, ikaonekana imejaa, halafu huisha ghafula.

Jambo la joto nalo tulitazame. Chini ya mabati mchana ni moto. Betri ya risasi, kila digrii moja juu ya 25, hutaka volti zipunguzwe kiasi cha 0.02. Kwa hiyo kwenye digrii 35, ile 14.4 huwa 14.2. Kontrola nyingine hufanya hivyo zenyewe. Lakini kwa lithiamu kipunguzio hicho kizimwe.

Tena betri kubwa si lazima iwe bora. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 au 6 tu jua likiwa kali. Ukiifungia betri ya risasi ya ampea-saa 200, haitajaa, na isiyojaa haidumu. Wala usifunge betri mpya pamoja na kuukuu. Ile kuukuu huivuta mwenzake kaburini.

Siku ya kubadili, ondoa waya za paneli kwanza, ndipo betri. Kurudisha, anza na betri, paneli mwisho. Na betri ya maji isikae chumba wanacholala watoto, kwa maana hewa yake hushika moto.

Ndugu zetu, fundi asilipwe kabla ya kuonyesha kwa kipimo volti anazochajia. Namba hizo ziandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya betri. Ukiwa na karatasi hiyo, mwenye duka hawezi kukufukuza kwa maneno matupu.

Mwisho, tunaleta ombi mbele ya mkutano: tawi linunue kipimo kimoja cha volti, kikae ofisini, kila mwanachama aazime aendapo likizo. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri moja. Mmoja peke yake huona uzito. Sisi sote hatutauona.