Kupiga Picha ya Jani kwa Karibu

Huku Isongole ukungu ukikaa siku nyingi, mkulima wa viazi huogopa bakajani, maana huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Mwenzetu mmoja alipiga picha ya jani lenye madoa ampelekee bwana shamba. Ikatoka kama moshi. Bwana shamba hakuona kitu.

Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kubadilisha lenzi, naye alikuwa ameweka gurudumu kwenye alama ya ua. Katika kamera ndogo za mfukoni alama hiyo huiwezesha lenzi kuona karibu. Itumieni bila wasiwasi. Katika kamera yake, ua huchagua tundu na kasi tu. Lenzi isiyoona chini ya sentimita 25 haitaona, hata ungeweka maua kumi!

Basi kwanza rudi nyuma mpaka jani lionekane wazi. Halafu chagua mwenyewe. Kwa karibu hivyo, sehemu inayotoka safi ni nyembamba mno, kwa hiyo tundu liwe dogo: namba 11. (Namba ikikua, tundu hupungua, wengi hukosea hapo.) Kasi iwe 1/125, kwa sababu ya upepo. Siku ya mawingu anza na ISO 800. Picha ikiwa na giza, ipandishe.

Piga asubuhi, umande ungalipo. Pindua jani, ulinyoshe sambamba na lenzi: utando mweupe ulio pembezoni mwa doa, upande wa chini, ndio anaoutafuta bwana shamba.