Fedha Zetu Zinalala Wapi?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kaisho)



Leo tunazungumza juu ya fedha. Hatuji kuwafundisha jinsi ya kuzipata. Hilo mnalijua kwa jembe, kwa ndizi na kwa kahawa. Tunataka kujua fedha zinalala wapi zikishapatikana, na nani anashika ufunguo.

Tuanze na jambo lililotokea kwetu. Mwezi Mei 2025, mama mmoja wa darasa letu alikuja na mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na noti 34 za shilingi 10,000. Jumla yake ni shilingi 340,000. Marehemu mumewe aliziweka humo zamani, baada ya kuuza kahawa. Mama alizipeleka dukani anunue mabati. Mwenye duka akazitazama, akamrudishia. Zilikuwa noti za zamani.

Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetoa tangazo. Noti za zamani za shilingi 20 hadi 10,000, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zirudishwe benki zibadilishwe. Muda uliotolewa ulianza tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Mama alipofungua mkebe, muda ulikuwa umekwisha.

Ndugu zetu, mama huyo anajua kusoma. Tulimfundisha sisi. Lakini katika miezi ile mitatu, sisi walimu hatukuleta tangazo lile darasani hata siku moja. Tuliendelea na masomo yetu kama kawaida. Kosa hilo ni letu, na ndilo lililotuleta hapa leo.

Mama alituuliza, "Walimu, inakuwaje karatasi jana ni fedha, leo si fedha? Nani ana amri hiyo?" Ni swali zuri. Ili kulijibu, lazima turudi nyuma kidogo.

Zamani amri hiyo haikuwa yetu. Wakati wa ukoloni, fedha za Afrika Mashariki zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London. Mwaka 1960 ndipo yalipohamia Nairobi. Akiba ya kuzilinda fedha hizo iliwekwa Uingereza. Basi mkulima wa Karagwe aliuza kahawa yake, akashika shilingi mkononi, lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa ng'ambo.

Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bendera ikawa yetu. Wimbo ukawa wetu. Lakini fedha zilikuwa bado zile zile za Bodi. Mwezi Juni 1965 ilitangazwa kwamba Tanzania, Kenya na Uganda kila moja itakuwa na benki kuu yake na fedha zake. Mwezi Desemba mwaka huo Bunge letu likapitisha sheria. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa. Gavana wake wa kwanza alikuwa Ndugu Edwin Mtei. Mwaka huo huo tukaanza kutumia shilingi ya Tanzania, kwa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100.

Benki Kuu haipokei akiba ya mkulima. Hiyo ni benki ya serikali, na ni msimamizi wa mabenki mengine. Inatoa noti na sarafu. Inatunza akiba ya taifa ya fedha za kigeni. Na ndiyo yenye amri ya kutangaza noti ipi iondoke.

Je, akiba ya wananchi ilipokelewa na nani? Wakati huo ilipokelewa zaidi na mabenki ya kigeni, kama Barclays, Standard, na National and Grindlays. Matawi yake yalikuwa mijini. Yalipenda kukopesha wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa. Mkulima mdogo hakuonekana kuwa mtu wa benki.

Hapa tukumbuke butura. Nyote mnaijua. Mtu amepata shida: mtoto anaumwa, au ada ya shule inatakiwa. Kahawa bado ni maua mtini. Anaiuza hivyo hivyo kwa bei ndogo. Ikiiva, anaichuma kwa mikono yake, lakini mali ni ya mwingine. Serikali imekataza butura, nayo bado inatunyemelea. Nchi isiyoshika ufunguo wa fedha zake hufanana na mkulima wa butura. Inalima, lakini mwingine ndiye anayeamua.

Ndiyo maana baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, serikali ilitangaza siku iliyofuata kuyataifisha mabenki. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Wengi waliiita NBC. Aliyeiongoza mwanzoni ni Ndugu Amon Nsekela. Wageni wengi waliokuwa wakubwa wa mabenki waliondoka. Waliobaki, wengi wao vijana, walishika kazi wakajifunza humo humo kazini. Benki haikufa.

Lakini, ndugu zetu, tusidanganyane. Benki ya taifa haikuimaliza butura. Tena benki yenyewe ilipata taabu. Ilikopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na mikopo mingi haikurudi. Kila mtu alisema, "Hiyo ni mali ya umma," kana kwamba umma ni mtu mwingine. Mwaka 1991 sheria ikaruhusu mabenki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na mojawapo ya mabenki yaliyotoka humo ni NMB. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa za NBC iliuzwa kwa benki ya Afrika Kusini, na serikali ikabaki na sehemu.

Tunajifunza nini? Kuandika neno "taifa" mlangoni hakutoshi. Benki ni chungu cha pamoja. Anayekopa asirudishe amekula akiba ya jirani yake. Na asiyeweka chochote humo, mkopo ataufuata kwa mwenye butura.

Basi tukubaliane mambo matatu.

Kwanza, tusome matangazo. Sisi wa mpakani tuna sababu zaidi, maana wengine wetu tunashika pia shilingi za Uganda kwa ajili ya biashara ya Murongo. Wenzetu wa Uganda walibadili fedha zao mwaka 1987. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Fedha zilizofichwa hazisikii redio.

Pili, tuweke akiba wakati wa msimu, hata kama ni kidogo, ili shida ikija isiikute kahawa ikiwa maua. Siku hizi si lazima kusafiri mbali kama zamani tulipofuata shughuli nyingi Kayanga. Kuna mawakala wa benki, kuna simu, kuna vyama vya akiba na mikopo. Lakini soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Dai stakabadhi. Namba yako ya siri usimwambie mtu, hata wakala.

Tatu, tukikopa, turudishe.

Na sisi walimu tunaahidi hivi: kila tangazo la fedha, la ardhi au la mbegu litasomwa darasani wiki hiyo hiyo. Tukisahau, tuulizeni.

Yule mama, noti zake bado anazo mkebeni. Msimu uliofuata alipouza kahawa, alifungua akaunti. Hakuweka dole gumba. Aliandika jina lake kwa mkono wake, polepole, na karani akamngoja mpaka akamaliza.