Mtoto Mwenye Ulemavu ni Amana
(Hotuba mbele ya jamaa, Babati, Manyara)



Wapo miongoni mwetu wazazi wanaolea mtoto asiyeona, asiyesikia au asiyetembea. Hunong'onwa kuwa wamelaaniwa, na aghalabu mama ndiye hulaumiwa. Imani humwondolea mzazi swali hilo la "nimekosa nini?", kwani mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu, si adhabu. Katika Bonde letu la Ufa, baadhi ya maji yana madini ya floraidi nyingi, yawezayo kupindisha mifupa ya watoto. Je, hapo pana laana gani?

Mtazameni Abdullah bin Umm Maktum r.a. Alikuwa kipofu. Sura Abasa iliteremka kwa ajili yake, naye Mtukufu Mtume s.a.w. alimfanya mwadhini, na aliposafiri akamwachia usimamizi wa Madina. Basi sisi twamficha mtoto chumbani kwa nini?

Subira si kukaa kimya. Mzazi mwenye imani humwombea mwanawe usiku, na kukicha humpeleka hospitali na shuleni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhakikishia mtoto haki ya elimu.

Nasi jirani tunadaiwa. Mama huyo hakosi darasa kwa uvivu, bali hana wa kumwachia mtoto. Tumpokezane. Mtoto akipiga kelele msikitini tusimkunjie uso. Na penye ngazi mlangoni, vijana wetu waweke mteremko wa saruji. Ni kazi ya Jumapili moja tu.