Jasho Moja, Milango Miwili: Wabahama na Waitaliano wa Florida

Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya maendeleo vya parokia



Baba Padri, masista, makatekista, wazee wetu, akina mama na vijana. Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo huzuka karibu kila mkutano wa vikundi. Kwa nini watu wawili huanza pamoja, wote maskini, wote wenye bidii, na baada ya miaka hamsini mmoja ana nyumba, ana duka na mtoto wake ni wakili, hali mwingine bado anahangaikia kodi ya mwezi? Jibu linalotoka haraka ni kwamba yule wa pili ni mvivu, ama watu wa kabila lake hawajui kuweka pesa. Leo tulipime jibu hilo, tuone kama lina uzito.

Sikuchukua mfano wa hapa kwetu. Mfano wa karibu huleta ubishi wa ukabila kabla hatujafika popote. Twende mbali kidogo, Marekani, katika jimbo la Florida. Huko kuna jamii mbili za wahamiaji zilizofika karibu wakati mmoja: Wabahama waliokaa Miami na Waitaliano waliokaa Tampa. Jimbo ni moja, jua ni moja. Tuone walivyoanza.

Wote walikuja mikono mitupu

Visiwa vya Bahamas viko karibu sana na Florida, na wakati huo vilikuwa koloni la Uingereza. Mashamba ya huko ni mwamba, na kazi ya mshahara ilikuwa haba. Kwa hivyo watu walipanda mashua wakavuka. Kati ya 1900 na 1920, watu kati ya 10,000 na 12,000 walihamia Florida, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Kufikia 1920, Wabahama walikuwa zaidi ya nusu ya watu weusi wote wa Miami.

Walikuwa wajuzi. Walijua kujenga kwa mawe ya matumbawe na walijua kupanda miti ya matunda juu ya mwamba, kazi ambayo wazungu waliotoka kaskazini hawakuijua. Wanaume walifyeka misitu na kujenga majumba ya matajiri. Akina mama walipika, walifua na kulea watoto wa watu. Makao yao ya kwanza yalikuwa mtaa wa Coconut Grove, ambako hoteli ya kwanza ilifunguliwa miaka ya 1880 na Wabahama wakaajiriwa hapo.

Sasa Waitaliano. Kati ya 1880 na 1920, zaidi ya watu milioni 4 waliondoka Italia kwenda Marekani, wengi wakitoka kusini kwenye njaa na makabaila. Waliofika Tampa walitoka hasa vijiji vichache vya kisiwa cha Sicily. Huko Tampa kulikuwa na mtaa wa Ybor City, ulioanzishwa na Mhispania Vicente Martínez Ybor baada ya kununua ardhi 1885, na kazi ya mtaa huo ilikuwa kutengeneza sigara. Waitaliano hawakuijua kazi hiyo. Walianza kwa kufagia na kubeba mizigo, wakajifunza Kihispania cha wenzao wa Cuba, wakaingia mezani polepole. Wake na mabinti nao walifanya kazi kiwandani.

Msidhani walipokewa kwa maua. Mwaka 1891, mjini New Orleans, kundi la watu lilivamia gereza na kuua Waitaliano 11. Mwaka 1910, wakati wa mgomo wa sigara, Waitaliano wawili walinyongwa na wahuni hapo hapo Tampa. Mwaka 1924 serikali ya Marekani ilipitisha sheria iliyopunguza wahamiaji kutoka Italia hadi chini ya 4,000 kwa mwaka. Walidharauliwa, walitukanwa, waliogopwa. Hilo tulikubali, tusilifiche.

Wote walijua chama

Hapa akina mama mtafurahi. Wabahama wana kitu wanachokiita asue. Watu wanakusanyika, kila mmoja anatoa kiasi kile kile kila wiki, na zamu kwa zamu mmoja anachukua fungu lote. Si ndiyo merigoraundi yetu? Jina hilo limetoka Afrika Magharibi, kwa Wayoruba, likavuka bahari pamoja na watumwa, na utumwa haukuweza kulifuta. Kwa asue watu walinunua mbao, walilipa karo, walizika wafu wao. Pia walijenga makanisa, Wabaptisti mwaka 1895 na Waanglikana mwaka 1901, na walikuwa na makaburi yao.

Alikuwako Mbahama mmoja, E.W.F. Stirrup, aliyezaliwa 1873 na kuja Florida akiwa kijana wa miaka 15 kujifunza useremala. Alinunua viwanja kidogo kidogo, na akajenga nyumba zaidi ya 100 Coconut Grove, akizipangisha na kuziuza kwa Wabahama wenzake, ili mtu awe na nyumba na bustani yake. Mtu kama huyo mtamwita mvivu?

Waitaliano nao mwaka 1894 waliunda chama chao, L'Unione Italiana. Mwanachama alilipa ada, na akiugua alipata daktari na dawa, akifa alizikwa kwa heshima. Mwaka 1918 walifungua jengo kubwa lenye ukumbi wa michezo, maktaba na mahali pa dansi. Lazima niseme ukweli mbele ya Padri: wengi wa wanaume wale hawakuwa karibu na Kanisa letu. Walikuwa wasoshalisti, na waliwaona mapadri kuwa marafiki wa makabaila. Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, lakini barua ikiwa Roma na padri akiwa kimya kijijini, mfanyakazi atajuaje?

Basi mpaka hapa, jasho ni moja na akili ya kujisaidia ni moja. Tofauti ilianzia wapi?

Milango miwili

Tofauti ilianzia kwenye sheria na ofisi. Florida iligawanya watu kwa rangi. Mwitaliano, hata akitukanwa, alihesabiwa mzungu kwenye karatasi. Mbahama alihesabiwa mweusi, na kitabu kikafungwa. Hebu tutazame milango minne.

Mlango wa kwanza ni kura. Miami ilipoundwa kuwa mji mwaka 1896, wapiga kura walikuwa 368, na 162 kati yao walikuwa watu weusi. Bila wao mji usingefikisha idadi. Lakini Florida ilikuwa na kodi ya kura, na baadaye uchaguzi wa ndani wa chama kilichotawala ukawa wa wazungu tu, hadi Mahakama Kuu ilipoupiga marufuku mwaka 1944. Wabahama wengi walibaki raia wa Uingereza, maana polisi wakiwapiga angalau walikuwa na balozi mdogo wa kumlilia. Ulinzi ulikuwa huo, lakini raia wa nje hapigi kura. Mwitaliano alichukua uraia akapiga kura. Mwaka 1956 Nick Nuccio, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, alichaguliwa meya wa Tampa.

Mlango wa pili ni shule. Watoto wa Kiitaliano waliingia shule za wazungu. Mtoto mweusi wa Miami hakuwa na shule ya kumfikisha darasa la 12 mpaka Booker T. Washington ilipofunguliwa 1927. Fikirini mzazi Mbahama aliyefika 1900 na mtoto mwenye akili nyumbani.

Mlango wa tatu ni mkopo. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba. Ilikuwa baraka kubwa: mtu wa kawaida aliweza kulipa nyumba pole pole kwa miaka mingi. Lakini mitaa ya watu weusi ilitiwa rangi nyekundu kwenye ramani, maana yake usikopeshe hapa. Askari waliorudi vitani walipewa sheria ya msaada mwaka 1944, ya masomo na ya nyumba. Kijana Mwitaliano alikwenda benki akasikilizwa. Kijana mweusi alikuwa na sheria ile ile mfukoni, lakini benki ilimwambia mtaa wake haufai, na mtaa unaofaa ulimwambia rangi yake haifai. Asue inaweza kununua mbao za paa. Haiwezi kushindana na mkopo wa miaka 20 wenye dhamana ya serikali.

Mlango wa nne ni barabara. Miaka ya 1960, barabara kuu zilipasuliwa katikati ya Overtown, mtaa mwingine wa watu weusi wa Miami. Inakadiriwa wakazi walipungua kutoka karibu 40,000 hadi kama 10,000. Ybor City nayo ilikatwa na barabara na kubomolewa sehemu kubwa. Kisu kilikuwa kile kile, lakini kidonda hakikuwa sawa. Waitaliano wengi walikuwa wameshahama. Sigara zilipodorora miaka ya 1930, tayari walikuwa na maduka, ng'ombe wa maziwa na mashamba ya mboga, na watoto wao walinunua nyumba popote walipotaka. Mtu mweusi aliyebomolewa aliambiwa aende, lakini sehemu za kwenda zilikuwa chache.

Hawakukaa kimya

Coconut Grove miaka ya 1940 kulikuwa na nyumba nyingi za kupanga zisizo na bomba wala choo cha ndani, na tingatinga za matajiri zilikuwa zikinyemelea. Mwaka 1948 Padri Theodore Gibson wa Kanisa la Anglikana, mtoto wa wazazi Wabahama, alisimama mbele ya mkutano akaeleza hali ya watu wake. Mama mmoja mzungu, Elizabeth Virrick, alimsikia, na wakaunda kamati. Walisukuma mpaka mji ukalazimisha kila nyumba iwe na maji na choo, na wakafanya mpango wa kuwakopesha wasio na uwezo.

Baadaye wabunge wa Florida walimtaka Gibson alete orodha ya wanachama wa chama cha haki za watu weusi, ambacho yeye alikuwa mwenyekiti wake Miami. Alikataa, maana alijua jina likitajwa mtu atapoteza kazi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1963 akashinda. Makatibu mliopo hapa, daftari la wanachama ni amana.

Kilichobaki ni nini?

Leo ukienda Coconut Grove, matajiri wanakitafuta kile kile kiwanja ambacho benki ilikikataa. Bei imepanda, na ushuru umepanda nayo. Nyumba nyingi za zamani zilirithiwa bila wosia. Babu alifariki, hati ikabaki kwa jina lake, na wajukuu wametawanyika. Hakuna anayeweza kukopa kutengeneza paa, maana hati si yake. Akija mnunuzi na pesa taslimu, mrithi mmoja wa mbali anauza fungu lake, na familia nzima inaburutwa mahakamani. Hivyo ndivyo jasho la miaka mia moja linavyoondoka kwa sahihi moja.

Tusiseme kwamba kila Mwitaliano ni tajiri na kila Mbahama ni maskini. Si kweli. Kutoka mtaa ule wametoka walimu, wanasheria na viongozi. Nasema tu kwamba mmoja alipanda ngazi, na mwenzake alipanda ukuta.

Sisi tujifunze nini?

Kwanza, tukimwona jirani amebaki nyuma, tuulize mlango gani ulifungwa kabla hatujamwita mvivu.

Pili, kuweka akiba ni lazima lakini hakutoshi. Kikundi kinachozungusha pesa na hakijui ofisi ya ardhi, ofisi ya watoto na ofisi ya chifu, kimefunga jicho moja.

Tatu, karatasi. Wangapi hapa wanalima shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu babu? Urithi haujafunguliwa kwa sababu ndugu hawaelewani, au kwa sababu ni gharama. Ndugu zangu, gharama ya kungoja ni kubwa zaidi. Mama mjane ndiye huondolewa kwanza.

Nne, na hili ni gumu. Kule Ybor City, Wacuba weupe na weusi walioshirikiana kwa miaka mingi waligawanyika mnamo 1900 kwa sababu ya sheria za rangi, na weusi wakaunda chama chao. Maskini hujaribiwa kununua nafasi yake kwa kumsukuma maskini mwenzake. Yako makundi yetu ambayo hayaandiki mwanachama kwa sababu ya lugha ya mama yake, ama kwa sababu amekuja juzi na anapanga chumba. Torati inawakumbusha Waisraeli kwamba wao pia walikuwa wageni kule Misri. Mkirudi nyumbani, fungueni katiba za vikundi vyenu mtazame kifungu cha wanachama. Kama kuna mlango wa namna hiyo, ufunguo uko mikononi mwenu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, ni familia zipi hazimo katika kikundi chochote? Sababu ni nini?
2. Ni mashamba mangapi ya wanachama wetu yana hati za marehemu? Nani atafuatana na wajane ofisini?
3. Daftari la wanachama na la pesa linawekwa wapi, na nani analisoma?