Saa za Askari Zinalipwa na Nani?



Nilipotangaza kwamba leo tutazungumza kuhusu saa za kazi za polisi na malipo yao, simu yangu haikutulia. Mmoja aliniandikia: "Kaka, umenunuliwa kwa bei gani?" Mwengine akaniuliza kama nimesahau ni akina nani hutugongea milango usiku wa manane. Sijasahau. Na kwa sababu sijasahau, naomba mnisikize mpaka mwisho, halafu mtanikosoa.

Mtaani kwetu kuna jirani mmoja ni konstebo. Simtaji jina wala kituo. Ijumaa moja aliingia zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni. Asubuhi aliyefaa kumpokea hakuja, ni mgonjwa, akaambiwa endelea. Mchana kukawa na mkutano wa siasa, akapandishwa lori. Jioni gari lilimrudisha kituoni, si nyumbani, kwa sababu zamu yake ya usiku ilikuwa imefika tena. Tulimuona Jumapili saa nne asubuhi akishuka matatu, kofia mkononi, anatembea kama mtu aliyetoka wodini. Hesabu wewe mwenyewe: saa 40. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia kwenye kiti.

Nikamuuliza, "Sasa hizi saa za juu utalipwa vipi?" Akacheka. Akaniambia, "Ndugu yangu, mshahara wangu ni wa mwezi. Mwezi haujui saa."

Maneno yake nilienda kuyatafuta kwenye sheria, na kweli, hakunidanganya.

Sheria ya Ajira ya 2007, ile ambayo ukifukuzwa dukani ama ukinyimwa likizo unakimbilia, mwanzoni kabisa, kifungu cha 3, inataja watu ambao haiwahusu. Wanajeshi. Polisi. Askari wa magereza. Vijana wa NYS. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huo huo, ile ya vyama vya wafanyakazi, nayo imewaacha nje. Halafu Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema askari ahesabiwe kuwa kazini wakati wote anapohitajika. Wakati wote! Sasa kama mtu yuko kazini wakati wote, overtaimu itaanzia wapi?

Nenda benki yoyote mjini utaona jambo la ajabu. Mlangoni wamesimama watu wawili. Mmoja ni soja wa kampuni, ana rungu. Mwengine ni polisi, ana bunduki. Jua linawapiga sawa, miguu inawauma sawa. Lakini soja ana sheria ya ajira nyuma yake. Akizidishiwa saa anaweza kwenda ofisi ya kazi, anaweza kuingia chama, anaweza kumpeleka tajiri wake mahakamani. Mwenye bunduki hana sheria hiyo nyuma yake, wala chama.

Tufanye hesabu kidogo, msiogope, ni ya darasa la saba. Kanuni za jumla za mishahara hapa Kenya zinasema wiki ya kazi ya kawaida ni saa 52, kwa siku sita. Ukizidisha siku ya kawaida, kila saa unalipwa saa moja na nusu. Ukiitwa siku yako ya mapumziko ama sikukuu, unalipwa mara mbili. Na kuna mpaka: ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, wiki mbili hazifai kupita saa 116 kwa mfanyakazi wa mchana.

Sasa chukua mtu anayefanya saa 12 kila siku, siku sita. Hizo ni saa 72. Amezidisha 20. Kwa kiwango cha moja na nusu, anadai malipo ya saa 30 zaidi kila wiki. Tuseme mshahara wake wa mwezi ni shilingi 20,000 (ni mfano tu, sisemi ndio mshahara wa askari). Angeongezewa karibu shilingi 11,500 kila mwezi. Tena tajiri wake angekuwa matatani, maana saa 72 mara wiki mbili ni 144, amepita ule mpaka wa 116 kwa mbali sana. Mpe mtu huyo huyo saa hizo hizo, mvalishe sare ya polisi, na deni lote linafutika. Hadai hata senti.

Lakini saa haifutiki. Hapa ndipo linapotuhusu sisi.

Kwanza inalipwa na mwili wa askari. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha jaribio mashuhuri. Waliwakesha watu na kuwapima jinsi mkono na jicho vinavyoshirikiana. Aliyekaa macho saa 17 alifanya makosa sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 damuni. Akifika saa 24, ni kama yule mwenye asilimia 0.10. Sasa rudi kwa jirani yangu. Tungeona askari mlevi ameshika bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, sote tungepiga kelele na kurekodi video. Askari aliyekesha usiku mbili tunampita, tunasema tu ana sura mbaya.

Wewe kijana wa boda boda unayesimamishwa saa tisa usiku, unakutana na mtu huyo. Nawe pia umechoka. Yeye hasikii vizuri, wewe unajibu kwa mkato, mkono wako unaingia mfukoni kutafuta leseni. Simwombei msamaha askari anayepiga mtu risasi. Kosa ni lake na atalibeba yeye. Lakini aliyepanga ile zamu, yule aliyekaa ofisini na kuandika jina lake mara ya tatu mfululizo, mbona hakuna anayemuuliza?

Pili, inalipwa na kesi yako. Umeibiwa, umeandikisha OB, umeambiwa njoo kesho. Kesho afisa wako amepelekwa kulinda mkutano. Kesho kutwa amelala. Wiki ya pili shahidi wako amesafiri. Faili inazeeka hivyo hivyo.

Tatu, hongo. Najua mlikuwa mnaingojea. Kuna watu wanasema kitu kidogo ndiyo overtaimu ya polisi, kwamba askari anajilipa mwenyewe zile saa ambazo serikali haimlipi. Mimi siikubali hoja hii, hata ikisemwa na askari ninayempenda. Mama anayeuza mahamri alfajiri hana overtaimu pia, na haibii mtu. Na Tume ya Huduma ya Polisi ilipoanza kuwapiga msasa maafisa, mwishoni mwa 2013 na miaka iliyofuata, wanakumbuka waliofuatilia: maafisa wa trafiki waliulizwa kuhusu pesa za M-Pesa zilizokuwa zikitumwa kwa wakubwa wao. Kwa hivyo ile noti yako ya barabarani si lazima ikae mfukoni mwa aliyekesha. Inaweza kupanda juu, kwa aliyelala. Ukilipa overtaimu leo, hongo haitakwisha kesho. Lakini utakuwa umemwondolea mwongo kisingizio chake kikubwa, na umempa yule askari mwaminifu, ambaye yupo jamani, sababu ya kubaki mwaminifu.

Mtu ataniambia: polisi ni polisi, duniani kote ndivyo kazi ilivyo. Si kweli.

Tazama Uingereza, ambao ndio waliotuletea mtindo huu wa polisi. Agosti 1918 askari wa London waligoma kwa sababu ya mshahara. Wakagoma tena 1919, na safari hii waliogoma walifukuzwa. Bunge lao likapitisha Sheria ya Polisi ya 1919: mgomo marufuku, chama cha wafanyakazi marufuku. Lakini sheria hiyo hiyo iliunda Shirikisho la Polisi, chombo cha kusema kwa niaba ya askari. Walinyang'anywa mgomo, wakapewa mdomo. Leo konstebo na sajini wa huko wakizidisha saa wanalipwa saa na theluthi, ingawa ile nusu saa ya kwanza ya dharura serikali huila bure, na wanailalamikia mpaka kesho. Huku kwetu tulirithi sare, gwaride na "ndiyo afande". Mdomo haukuja na meli.

Afrika Kusini ni karibu zaidi. Sheria yao ya masharti ya msingi ya kazi ya 1997 iliwaacha nje wanajeshi na majasusi, lakini polisi iliwaweka ndani. Wana chama, POPCRU, kilichoanzishwa 1989 enzi zile za ubaguzi, na bado hawaruhusiwi kugoma kwa sababu kazi yao ni ya lazima. Nchi haikuanguka.

Nisiwadanganye pia kwamba overtaimu ni asali tupu. Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 2018 ililipuka kashfa ya askari wa barabara kuu waliokuwa wakilipwa saa za ziada ambazo hawakuzifanya. Kikosi kizima kikavunjwa. Kwa hivyo tukidai malipo bila kudai rekodi safi, tutakuwa tumefungua bomba jengine la wizi.

Na rekodi zetu ziko wapi? Hili lilinishangaza nilipolifikiria. Ziko tayari! Askari akiingia zamu na akitoka huandikwa kwenye OB, na saa yake. Nani ameenda doria, amechukua silaha gani, amerudi lini. Kila kituo kina hesabu ya saa za watu wake kwa kalamu na wino. Kilichokosekana ni mtu wa kuzijumlisha.

Sasa kuna wenye kusema serikali imeshatatua. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikabidhi ripoti yake Novemba 2023, na nyongeza iliyotajwa ni asilimia 40, kwa awamu katika miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Ni jambo jema, sikatai. Lakini turudi kwenye hesabu yetu. Saa 72 ni nyingi kuliko saa 52 kwa asilimia 38. Mtu wa saa 72 ukimuongezea asilimia 40, umemlipa zile saa za juu kwa bei ya kawaida, basi. Hata ile nusu ya overtaimu hujaigusa. Na mkubwa wake bado anaweza kumpanga saa 80, kwa sababu hazimgharimu kitu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: saa ya askari ni ya bure kwa anayeitumia, na kitu cha bure hakihurumiwi.

Kwa nini askari wenyewe hawasemi? Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Lakini kifungu cha 24 kinaruhusu Bunge kuwapunguzia wanajeshi na polisi baadhi ya haki, na orodha yake inataja hiyo ya kazi, haki ya kujiunga pamoja, na haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko. Yaani konstebo hawezi kusimama kama ninavyosimama mimi hapa akayasema haya. Atapewa uhamisho kabla ya maikrofoni kuzimwa.

Wewe hujafungwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, si lazima uwe wakili. Tunaandika letu, na ninawaomba tulijaze sahihi. Tunataka matatu: saa za kwenye OB zijumlishwe kila mwezi na kila askari apewe nakala yake, zamu iwe na mpaka wa saa na mapumziko kabla ya zamu nyengine, haswa kwa anayebeba silaha, na saa iliyozidi ilipwe pesa, ama irudishwe kwa siku ya kupumzika yenye tarehe, si "tutaona".

Neno kwa wale wanaongoja usajili. Najua mpo, uwanja hujaa kila ukitangazwa. Mtakimbia, mtapimwa urefu, mtakaguliwa meno. Mkifanikiwa kwenda Kiganjo, nunua daftari ndogo. Tangu siku ya kwanza kituoni andika umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Usimwonyeshe mtu, usibishane na OCS. Iweke tu. Siku sheria ikibadilika ama tume ikija kuuliza, wewe utakuwa na tarehe, wenzako watakuwa na hasira.

Karatasi za sahihi ziko pale mlangoni, kwa dada zetu wawili, na kalamu zipo. Tuanze maswali. Naona mkono kule nyuma, kijana mwenye shati la buluu. Ndiyo, wewe uliyeniuliza bei yangu.