Hotuba ya Mwenyekiti: TV Iliyokula Rejesho Langu



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, na sanduku letu la kufuli tatu bado lipo salama. Katibu ameshasoma taarifa ya hisa na mikopo, sitarudia. Mimi nitasema jambo moja tu la nyumbani, nalo ni televisheni. Maana kwenye daftari letu la 2018 kuna mwanachama aliyetozwa faini miezi mitatu mfululizo kwa kuchelewesha rejesho. Mwanachama huyo ni mwenyekiti wenu anayesimama hapa.

Ilikuwa hivi. Kombe la Dunia la Urusi lilikuwa linakaribia, baba watoto akasema tumechoka kwenda kuangalia mpira kwa jirani. Nikakopa kikundini shilingi 250,000, nikateremka mjini Arusha, nikanunua TV ya mtumba, plasma, inchi 42. Mpya ya inchi 32 walitaka 320,000. Nikajiona mjanja, kubwa kwa bei ndogo! Nanyi mlikuja kuitazama mkanipongeza.

Sasa jamani, LUKU ikaanza kwisha kabla ya wakati. Hela ya ndizi niliyouza Tengeru, badala ya kuja kwenye rejesho, ikawa inakwenda kwenye umeme. Nikasema mita ni mbovu. Kijana wangu akaniambia, "Mama, zima kila kitu, tuache TV peke yake, tusome mita." Tukafanya hivyo. Baada ya masaa manne uniti moja nzima imekwenda. Mita haikuwa na kosa.

Naomba tufanye hesabu pamoja, ni ya shule ya msingi tu. Nyumba yangu ilikuwa inatumia uniti 55 kwa mwezi, na nipo kundi la D1, la watumiaji wadogo. Kwa bei zilizopangwa 2016, kundi hili ni shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75. Ukivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa shilingi 122, na ile ya kuzidi 427. Kwa hiyo nilikuwa nalipa 6,710 kwa mwezi.

Plasma ile tuliiwasha masaa sita kwa siku. Hiyo ni uniti moja na nusu kwa siku, uniti 45 kwa mwezi. Jumla ya nyumba ikawa uniti 100. Uniti 75 za kwanza ni 9,150, na 25 za juu ni 10,675. Jumla 19,825! Mnaona? Zile 25 za juu zilinigharimu kuliko 75 za chini. Ndipo rejesho langu lilipokwenda.

Ningenunua ile mpya ya LED, ya wati 50, ingechukua masaa ishirini kumaliza uniti moja. Kwa mwezi ni uniti 9. Nyumba nzima uniti 64, shilingi 7,808. Tofauti ni shilingi 12,017 kila mwezi. Zile 70,000 nilizojidai kuokoa dukani zilikwisha kwa miezi sita, na kwa mwaka mzima nimetupa karibu 144,000. Akina mama, hizo ni hisa.

Mwishowe plasma alichukua fundi kwa spea, nami nikanunua LED kwa hela ya mgao. Panasonic, Samsung na LG waliacha kutengeneza plasma kati ya 2013 na 2014, lakini kwenye mitumba bado unaweza kukutana nazo.

Basi ukienda dukani, fanya yafuatayo:

Kwanza, usianze na inchi. Geuza TV, soma nyuma palipoandikwa W, ndizo wati. Zidisha kwa masaa unayowasha kwa siku, zidisha kwa 30, gawa kwa 1,000. Hizo ndizo uniti zako za mwezi. Kinachoandikwa nyuma mara nyingi ni kiwango cha juu, lakini heri ukadirie juu kuliko chini.

Pili, TV zilizouzwa Ulaya tangu Machi 2021 zina kibandiko cha herufi A mpaka G. A ndiyo inayokula kidogo. Usiishie kwenye herufi, soma na namba ya kWh kwa masaa 1,000. Hiyo kWh ndiyo uniti yetu ya LUKU.

Tatu, ukifika nyumbani punguza mwanga wa kioo. Nyingi huja zimewekwa mwanga mkali wa dukani, na mwanga huo unakula umeme.

Nne, king'amuzi. Tangu mitambo ya zamani izimwe, 2013 kwa hapa kwetu Arusha, king'amuzi kimekuwa kitu cha kila siku. Vingi ukizima kwa rimoti vinaendelea kula. Cha wati 12 kikikaa usiku na mchana ni karibu uniti 9 kwa mwezi, sawa na TV yenyewe! Zima ukutani.

Wenzetu wa huko juu mlimani wanaotumia sola hawahitaji somo hili. Betri imeshawafundisha, maana ukinunua TV kubwa taarifa ya habari haifiki mwisho. Sisi wa LUKU tumechelewa kujua kwa sababu tunanunua kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu tatu kesho, hatujumlishi.

Sikatai televisheni. Bara tumeipata 1994, wengi wetu tulichungulia madirishani kwa watu. Watoto wetu wasichungulie. Lakini kuanzia sasa, kama mkutano ulivyopitisha, anayeomba mkopo wa TV, friji au pasi alete wati zake kwenye karatasi, Mhazini apige hesabu mbele yetu kabla sanduku halijafunguliwa. Na mimi mwenyekiti nimo.

Kikundi chetu oyee!