Tiketi 24 za Meli
(Maneno ya mhasibu katika harambee ya wana-Ukerewe waishio Dar es Salaam)



Kamati imenipa dakika chache nizungumzie mfuko wa watoto wenye saratani. Mimi ni mhasibu, si daktari. Nitasema zaidi kuhusu hesabu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi maskini ni chini ya asilimia 30. Tofauti hiyo inatokana na kuchelewa kugundua ugonjwa, uhaba wa dawa, na matibabu kukatishwa njiani. Hili la mwisho liko ndani ya uwezo wetu.

Mtoto wa Nansio huvuka maji kwenda Bugando, Mwanza. Wa Ukara huvuka mara mbili. Dawa hutolewa kwa mizunguko, si siku moja. Tuchukue mfano wa mizunguko sita: mtoto na mama yake, kwenda na kurudi, ni tiketi 24 za meli. Ongezeni chakula, malazi, na siku ambazo mama hakwenda shamba. Uvimbe ukishuka, familia iliyokwisha kuuza mbuzi wake huona heri ibaki nyumbani. Ugonjwa ukirudi, kuutibu huwa kugumu zaidi.

Wengine wameuliza kwa nini sehemu ya michango iende kwenye utafiti. Jibu liko kandokando ya ziwa letu. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Alizunguka hospitali nyingi akiuliza unaonekana wapi, akakuta unafuata maeneo ya joto na mvua, yenye malaria. Baadaye watoto walipopewa dawa, ikadhihirika kuwa unatibika. Dunia ilijifunza hayo kutoka kwa watoto wa ukanda huu. Utafiti wa leo nao unahitaji kumbukumbu: nani alimaliza dawa, nani aliacha, kwa nini. Tunapendekeza kusaidia utunzaji wa kumbukumbu hizo.

Mkifika nyumbani, waambieni ndugu: taya linalovimba haraka na meno kulegea, tumbo linalokua, au mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, mtoto apelekwe hospitali mapema, asianzie kwa mganga.

Kamati inapendekeza fedha hizi ziwe na akaunti yake, kila malipo yawe na stakabadhi, na taarifa isomwe mkutano mkuu.

Ndugu zangu, kadi za ahadi ziko mezani. Katika zile tiketi 24, kila mmoja achukue anazoweza.